Upungufu wa Wataalamu wa Kompyuta: Maana Yake kwa Vyama vya Msingi



Katika mikutano mingi ya vyama vya msingi siku hizi husikika malalamiko ya namna moja: kwamba mashine ipo, mfumo umewekwa, lakini mtu wa kuuendesha hapatikani, au alipatikana, akafundishwa, kisha akaondoka. Wakati huohuo wako wanachama wa vyama hivyohivyo wenye watoto waliohitimu masomo ya kompyuta vyuoni, nao wamekaa nyumbani bila kazi. Mambo haya mawili huonekana kupingana. Iweje pawe na upungufu wa wataalamu, na papo hapo pawe na wataalamu wasio na kazi?

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo, kwa sababu chama kisicholielewa hutumia fedha za wakulima kutafuta kitu kisichohitaji, na hukosa kile kinachohitaji. Tutaanza na hali ya dunia, kisha tutarudi kwenye ofisi ya chama, kwenye mizani na kwenye daftari la malipo.

1. Wataalamu hawa ni watu gani?

Neno TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, hutajwa kana kwamba ni kazi moja. Sivyo. Ndani yake zimo kazi nyingi zinazotofautiana kama zinavyotofautiana kazi za muuguzi, mkunga, mfamasia na daktari wa upasuaji, ingawa wote hao huweza kuvaa koti jeupe. Yuko mtunga programu, anayeandika maagizo ambayo mashine huyafuata. Yuko msimamizi wa mtandao, anayehakikisha kwamba kompyuta moja inawasiliana na nyingine. Yuko mtunza hifadhidata, ambaye kazi yake ni kupanga kumbukumbu ili zipatikane upesi na zisipotee. Yuko mlinzi wa usalama wa mtandao, anayewazuia wezi na wahalifu. Yuko fundi wa kutengeneza mashine zilizoharibika. Na yuko mwelekezi, anayewafundisha watumiaji na kuwasaidia wanapokwama.

Ni dhahiri basi kwamba chama kinachotangaza nafasi ya “mtaalamu wa kompyuta”, bila kueleza zaidi, hakijatangaza kitu. Kitapokea barua nyingi za maombi, na huenda kikamwajiri mtunga programu hodari ambaye hapendi kazi ya kuingiza kilo za mazao, wala hakuisomea. Baada ya miezi michache mtumishi huyo atachoka, naye atatafuta kazi nyingine. Chama kitasema kwamba vijana wa siku hizi hawatulii, kumbe kosa lilikuwa katika tangazo.

2. Mwenendo wa ajira tangu mwaka 2020

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani mwaka 2020, shughuli nyingi zilihamia kwenye mtandao. Watu walinunua vitu, walisoma na walifanya kazi wakiwa majumbani. Makampuni makubwa ya kompyuta yaliona biashara inakua upesi, nayo yakaajiri watu kwa wingi, yakidhani kwamba hali hiyo itaendelea. Haikuendelea. Katika miaka ya 2022 na 2023 upepo uligeuka. Kampuni ya Meta, yenye kumiliki Facebook na WhatsApp, ilitangaza mwezi Novemba 2022 kwamba inawaachisha kazi watu zaidi ya 11,000, na mwezi Machi 2023 ikatangaza kuwapunguza wengine 10,000. Mwezi Januari 2023 pekee, Amazon ilitangaza kupunguza nafasi zaidi ya 18,000, Alphabet yenye kumiliki Google nafasi 12,000, na Microsoft nafasi 10,000.

Msomaji aliyesikia habari hizo angeweza kusema kwamba sasa wataalamu wamekuwa wengi kuliko kazi. Lakini mwaka huohuo wa 2023, ISC2, ambayo ni jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa usalama wa mtandao, ilikadiria kwamba dunia ina upungufu wa walinzi wa mitambo wapatao milioni 4. Mwaka 2024 makadirio yake yalipanda hadi karibu milioni 4.8. Kadhalika ripoti ya Jukwaa la Uchumi la Dunia iliyotolewa mwezi Januari 2025, kutokana na maoni ya waajiri zaidi ya 1,000, ilionyesha kwamba asilimia 63 ya waajiri hao wanauhesabu upungufu wa ujuzi kuwa kikwazo kikubwa cha kubadili shughuli zao kati ya mwaka 2025 na 2030. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba asilimia 39 ya ujuzi ambao wafanyakazi wanautegemea itabadilika au kupitwa na wakati ifikapo mwaka 2030.

Hapa yafaa tueleze mambo mawili ili takwimu hizi zisitupotoshe. Kwanza, si wote walioachishwa kazi walikuwa mafundi. Wengi wao walikuwa watu wa biashara, wa matangazo, na hata maofisa waliokuwa wakishughulikia kuajiri wengine. Pili, upungufu unaokadiriwa na jumuiya kama ISC2 si hesabu ya nafasi zilizo wazi zinazomngoja mtu. Ni tofauti kati ya watu wanaohitajika ili kazi ifanyike sawasawa na watu waliopo. Kwa kweli, katika uchunguzi wa mwaka 2024 waliohojiwa walitaja ukosefu wa fedha za kuajiri kuwa sababu ya kwanza ya upungufu, mbele ya ukosefu wa watu wenye ujuzi. Kwa hiyo mwajiri anaweza kulia kwamba ana upungufu wa wataalamu, na wakati huohuo asiwe amefungua nafasi hata moja.

3. Ngazi isiyo na vipandio vya chini

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo. Ukiyasoma matangazo ya kazi za kompyuta, mara nyingi utaona sharti hili: mwombaji awe na uzoefu wa miaka mitatu, au mitano, au zaidi. Kila mwajiri anamtaka mtu aliyekwisha kuiva. Lakini uzoefu haupatikani darasani. Hupatikana kazini, chini ya mtu anayejua zaidi, kwa kukosea na kusahihishwa. Ikiwa kila mwajiri anamtaka aliyeiva, na hakuna mwajiri anayekubali kumlea mbichi, basi baada ya miaka michache walioiva watakuwa haba na wabichi watajaa mitaani. Ni sawa na shamba ambalo kila mtu anataka kuvuna kahawa yake, lakini hakuna anayetaka kulea miche kitaluni.

Mfano ulio wazi ni wa Andela, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014 mjini Lagos nchini Nigeria, ambayo baadaye ilifanya kazi pia Kenya na Uganda. Shabaha yake ya awali ilikuwa kuwachagua vijana wenye vipaji, kuwafundisha kutunga programu, na kuwaunganisha na makampuni ya ng’ambo. Maelfu ya vijana waliomba nafasi. Lakini mwezi Septemba 2019 kampuni hiyo iliwaachisha kazi mamia ya watunga programu wachanga, ikaeleza kwamba wateja wake sasa wanataka watu wenye uzoefu mkubwa. Kumbuka kwamba vijana hao walikwisha kuchujwa na kufundishwa vizuri. Kilichowakosesha nafasi ni miaka tu.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 limeongezeka jambo jingine, nalo ni programu za akili bandia, ambazo huweza kuandika sehemu nyepesi za programu, kutafsiri na kutengeneza ripoti. Kazi hizo nyepesi ndizo walizokuwa wakipewa wanafunzi ili wajifunze. Uchunguzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2025, kwa kutumia kumbukumbu za mishahara nchini Marekani, ulionyesha kwamba katika kazi zinazoguswa zaidi na akili bandia, ajira ya vijana wa miaka 22 hadi 25 ilishuka kwa asilimia 13 ikilinganishwa na ile ya wenzao katika kazi zisizoguswa sana, ilhali ajira ya watu wenye uzoefu ilibaki imara. Hivyo vipandio vya chini vya ngazi, ambavyo tayari vilikuwa vichache, vinazidi kung’olewa.

Wakati huohuo wachache walioiva wamekuwa na soko pana kuliko zamani. Microsoft ilifungua kituo cha kutunga programu mjini Nairobi mwaka 2019, na mwaka 2022 Google nayo ikatangaza kufungua kituo chake mjini humo. Zaidi ya hayo, tangu kazi ya mbali izoeleke, mtunga programu aliyeko Arusha au Mwanza anaweza kuajiriwa na kampuni ya Ulaya bila kuhama nyumbani. Chama cha msingi hakiwezi kushindana na mishahara ya namna hiyo, wala hakina haja ya kushindana.

4. Funzo kutoka historia yetu wenyewe

Upungufu wa namna hii si mgeni kwetu. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wenyeji waliokuwa na ujuzi wa kuiendesha walikuwa wachache mno, na kazi ilitegemea sana wataalamu kutoka nje. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hazikufaulu, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye, lakini funzo lake lingali hai: mashine iliyotangulia mbele ya watu wake iligeuka kuwa mzigo.

Tulinganishe na jambo jingine la miaka hiyohiyo. Nchi ilipopata Uhuru, vyama vya ushirika viliongezeka upesi, na makatibu waliojua kutunza vitabu vya hesabu walikuwa haba. Njia iliyofuatwa haikuwa kushindana kwa mishahara na mabenki ili kuwavuta wahasibu. Njia iliyofuatwa ni kulea watu. Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963, na watu wa kawaida kutoka vyama vya vijijini walifundishwa kuandika leja, kusawazisha hesabu na kusoma mizania. Chuo hicho ndicho leo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho mafunzo yake sasa ni pamoja na TEHAMA ya biashara. Ushirika umekwisha kupambana na upungufu wa ujuzi mara moja, na silaha yake ilikuwa elimu.

5. Kwa nini jambo hili limeingia katika ofisi ya chama

Yuko mwanachama atakayeuliza: sisi ni wakulima, habari za kompyuta zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu nne.

Kwanza, kumbukumbu za vyama zinahamia kwenye mashine. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao kwa kifupi MUVU, ambamo taarifa za vyama huingizwa na kusimamiwa. Chama kisicho na mtu wa kuingiza taarifa zake sawasawa kitaonekana kibovu hata kama mazao yake ni mazuri.

Pili, mizani ya kidijitali na malipo kwa njia ya simu au benki yamechukua mahali pa mizani ya zamani na malipo ya fedha mkononi katika vyama vingi. Fedha ya mkulima sasa hufuata tarakimu iliyoandikwa. Tarakimu ikikosewa, fedha hupotea njia.

Tatu, wanunuzi wa nje wanadai taarifa ambazo zamani hazikudaiwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao yasiyotokana na ukataji wa misitu, ambayo inahusu kahawa na kakao miongoni mwa mazao mengine, inataka ijulikane mahali hasa lilipo shamba lililotoa zao. Ingawa tarehe ya kuanza kutumika kwake imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, wanunuzi wameanza kujiandaa, na chama ambacho hakijapima mashamba ya wanachama wake kinaweza kukosa soko.

Nne, sheria inatubana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Majina ya wanachama, namba zao za simu, akaunti zao na madeni yao ni taarifa za namna hiyo. Orodha ya madeni ikibandikwa au ikisambazwa ovyo, chama kinaweza kuwajibishwa.

Tuchukue mfano mdogo wa hesabu. Tuseme mkulima amepeleka kilo 86 za kahawa, na karani kwa haraka akaandika 68. Tofauti ni kilo 18. Ikiwa bei ni shilingi 4,000 kwa kilo, mkulima huyo amepoteza shilingi 72,000. Katika daftari la zamani kosa hilo lingeonekana kwa kulinganisha na stakabadhi. Katika mashine kosa hilo pia linaweza kuonekana, lakini kwa sharti moja: awepo mtu anayejua kuchapisha orodha ya siku, kuilinganisha na stakabadhi, na kusahihisha kwa namna inayoacha alama ya nani amesahihisha na lini. Ujuzi huo hauhitaji shahada. Unahitaji uaminifu, utaratibu na mafunzo ya wiki chache.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya mtu mmoja. Tuseme chama kina karani mmoja tu ajuaye mfumo, na neno la siri analo yeye peke yake. Katikati ya msimu akaugua, au akapata kazi mjini. Mazao yamepokelewa, mnunuzi amelipa, fedha iko benki, lakini orodha ya malipo haifunguki. Wakulima watangoja. Ada za shule hazingoji, wala mgonjwa hangoji. Hapo ndipo upungufu wa ujuzi unapogeuka kuwa njaa ndani ya nyumba ya mwanachama.

6. Kazi ipi ni ya chama cha msingi, na ipi ni ya Chama Kikuu?

Kosa kubwa ni kudhani kwamba kila chama cha msingi kinahitaji mtaalamu wake kamili. Hapana budi tugawe kazi kwa kadiri ya uzito wake.

Chama cha msingi kinahitaji watu wawili, si mmoja, wenye ujuzi ufuatao: kuingiza taarifa za upokeaji na malipo, kuchapisha na kulinganisha orodha za kila siku, kutunza nakala ya akiba ya kumbukumbu mahali pengine mbali na ile kompyuta, kutunza maneno ya siri, na kutambua ujumbe wa ulaghai unaoletwa kwa simu au kwa barua ya mtandao. Kijana wa kidato cha nne aliye makini anaweza kuyajua hayo yote ndani ya msimu mmoja, akifundishwa na kusimamiwa.

Chama Kikuu, kwa upande wake, kinahitaji fundi wa kutengeneza mashine na mtandao, mtu wa kusimamia hifadhidata na usalama, na mtu anayeweza kuzungumza na makampuni yauzayo mifumo bila kudanganywa. Hawa ndio wanaohitaji shahada au stashahada, na hawa ndio walio ghali. Lakini wakiwa watumishi wa vyama vingi kwa pamoja, gharama yao hugawanyika.

Kazi ya kutunga mfumo mpya si ya chama cha msingi, na kwa kawaida si ya Chama Kikuu pia. Mifumo hununuliwa au hutolewa na Tume. Chama kinachomwajiri mtunga programu ili akitungie mfumo wake peke yake hujenga nyumba ambayo ufunguo wake anao fundi. Siku akiondoka, hakuna atakayeweza kuitengeneza.

7. Hesabu ya kushirikiana

Tuseme vyama 20 vya msingi vinakubaliana kuchangia shilingi 100,000 kila kimoja kwa mwezi. Hizo ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi, au shilingi 24,000,000 kwa mwaka. Fedha hizo zinaweza kumweka fundi mmoja pamoja na nauli yake ya kuzunguka vyamani. Kwa chama chenye wanachama 400, mchango wa mwaka ni shilingi 1,200,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila mwanachama kwa mwaka mzima. Kwa bei tuliyoitumia katika mfano wetu, hiyo haifikii thamani ya kilo moja ya kahawa. Linganisha na zile kilo 18 zilizopotea kwa mkulima mmoja kwa siku moja.

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila chama kipige hesabu kwa hali yake. Lakini njia ni ileile iliyotufanya tununue pembejeo kwa pamoja na kuuza mazao kwa pamoja. Kanuni za ushirika zilizothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995 zinataja, katika kanuni ya tano, elimu, mafunzo na taarifa kwa wanachama na watumishi. Na katika kanuni ya sita, ushirikiano baina ya vyama. Upungufu huu unazidai kanuni zote mbili kwa mara moja.

Vyama vinavyoamua kukodi kampuni badala ya kuwa na fundi wao navyo vinaweza kufanya hivyo, mradi viwe na tahadhari. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kampuni iliyoko mbali inaweza kuchelewa siku ambayo wakulima wamepanga foleni. Kwa hiyo mkataba uandike wazi mambo haya: kwamba kumbukumbu zote ni mali ya chama, kwamba chama kitapewa nakala yake kila mwezi kwa namna inayosomeka bila mashine za kampuni hiyo, muda ambao kampuni lazima iwe imeitika inapoitwa, na kwamba watumishi wawili wa chama watafundishwa kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.

8. “Tukimfundisha ataondoka”

Hofu hii ni ya kweli, wala haifai kuibeza. Mtu aliyepata ujuzi hupata pia miguu. Vyama vingine huwafunga watumishi kwa mkataba wa kutumikia muda fulani baada ya mafunzo, na hilo ni halali likikubaliwa kwa hiari na kwa muda wa haki. Lakini mkataba peke yake haumfanyi mtu afanye kazi kwa moyo.

Yapo mambo mengine yanayomshikilia mtumishi. La kwanza ni kumchagua vizuri. Kijana aliyezaliwa katika familia ya wanachama, ambaye mzazi wake analipwa kwa orodha ileile anayoiandika yeye, ana sababu ya kuitunza. Nafasi itangazwe wazi, mtihani mdogo utolewe, na wasichana wapewe nafasi sawa na wavulana. Asiteuliwe kwa kuwa ni mpwa wa mjumbe wa bodi. La pili ni kumwonyesha ngazi: karani msaidizi, kisha karani, kisha mwelekezi wa vyama kadhaa, kisha nafasi ya masomo na kazi katika Chama Kikuu. Kijana anayeona kipandio kinachofuata hana haraka ya kuruka. La tatu ni malipo yanayotolewa kwa wakati. Mshahara mdogo unaofika tarehe yake humtuliza mtu kuliko ahadi kubwa isiyofika.

Hata hivyo wengine wataondoka. Ndiyo maana tunasisitiza watu wawili, na kila anayejua amfundishe anayefuata kama sehemu ya kazi yake, si kama hisani. Maelezo ya kazi yaandikwe katika daftari kwa Kiswahili chepesi: namna ya kufungua mfumo, namna ya kuingiza mazao, namna ya kufunga siku, na nani wa kupigiwa simu pakitokea hitilafu. Chama chenye daftari hilo na mtu wa pili humuaga mtumishi wake kwa heri. Chama kisicho navyo humuaga kwa machozi.

Na wale wahitimu wa vyuo waliokaa nyumbani? Tunawaomba wazazi na vijana wenyewe waitazame kazi ya chama kwa jicho jingine. Waajiri wa mjini wanadai uzoefu. Kijana aliyesimamia kumbukumbu za wakulima 400 kwa misimu miwili, hesabu zikasawazika na wakaguzi wakaridhika, ana uzoefu. Amefanya kazi na watu wa kweli, fedha za kweli na makosa ya kweli. Chama hupata mtu, na kijana hupata kile kipandio cha chini ambacho wengine wamemnyima.

9. Mambo ya kupelekwa mbele ya mkutano mkuu

Ili jambo hili lisiishie katika kusomwa tu, Katibu wa kila chama anashauriwa kuyaweka maswali yafuatayo katika ajenda ya bodi, na kisha ya mkutano mkuu:

(a) Katika chama chetu ni watu wangapi wanaojua kuendesha mfumo kutoka mwanzo hadi mwisho? Ikiwa ni mmoja, nani atakuwa wa pili, na lini?

(b) Maneno ya siri yamehifadhiwa wapi? Je, yamo katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi, ndani ya sanduku la chama, ili yapatikane kwa idhini ya bodi wakati wa dharura?

(c) Nakala ya akiba ya kumbukumbu za wanachama ilichukuliwa mara ya mwisho tarehe gani? Imewekwa wapi? Je, imewahi kufunguliwa ili kuhakikisha kwamba inasomeka?

(d) Mkataba wetu na mwenye mfumo unasema nini kuhusu umiliki wa kumbukumbu?

(e) Katika makisio ya mwaka ujao tumetenga fedha kiasi gani kwa mafunzo, na tuko tayari kuchangia kiasi gani kwa fundi wa pamoja?

(f) Kila mwanachama anajua kusoma ujumbe wa simu unaothibitisha kilo na malipo yake, na anajua pa kulalamika akiona kosa?

Swali hili la mwisho tumeliweka mwisho kwa makusudi. Mlinzi wa kwanza wa kumbukumbu za chama si fundi, wala si karani. Ni mwanachama anayejua kilo zake na anayeuliza. Wataalamu wa dunia wataendelea kuwa wengi mahali pamoja na haba mahali pengine, na mishahara yao itapanda na kushuka kama bei ya kahawa. Hayo hatuna uwezo nayo. Lakini kumlea kijana mmoja katika kila chama, na wa pili nyuma yake, na kumfundisha kila mkulima kuisoma stakabadhi yake, hayo yamo ndani ya uwezo wetu. Chama kinachoanza msimu huu kitakuwa na watu wake kabla ya msimu wa tatu.